Jinsi ya Kumvua Sajini Sare Polepole

Wadogo zangu mnaokuja kinuni kuniuliza habari za kuanguka, nimeona niwaandikie. Kinu kina kelele na mimi sina sauti. Mnasimama pale penye vumbi la unga mkipaza, "Konstebo, tufundishe!" nami natabasamu tu na kuendelea kufunga gunia. Msidhani ninawadharau. Kuongea mbele ya watu kulinishinda tangu shule ya msingi, na masomo yangu yaliishia hapo. Niliipenda kazi ya filamu kwa sababu konstebo niliyemwigiza hakuwa na neno hata moja la kusema. Kazi yake ilikuwa kumfuata Sajini na kuanguka.

Sasa nimestaafu. Mama yangu hulichekea neno hilo, kwa sababu rika langu ndio kwanza wanaoa. Lakini nyonga ya kushoto imekataa, na nikipanda ngazi nashika ukuta kama mzee wa kanisa.

Habari za kuanguka ni fupi, kwa hivyo nizimalize kwanza. Kidevu kikae kifuani. Pumzi itoke kabla hujafika chini. Usitangulize mkono, maana mkono unaotangulia ndio unaovunjika. Tafuta nyama: paja, kalio, bega. Ndani ya suruali weka maganda makavu ya mahindi. Wengine huweka matambara, lakini matambara hulowa maji yakawa mazito, halafu suruali inashuka mahali ambapo haikupangiwa kushuka. Ukiingia shamba la miwa kule Kabuchai, vaa mikono mirefu, majani yake yanakata. Na shimo unalojua liko mbele yako, usiliangalie. Angalia unakokwenda.

Hilo la mwisho nililifanya muda mrefu bila kuelewa maana yake. Aliyenielewesha ni mshonaji wa nguo.

Filamu yetu ya kwanza ya polisi tuliirekodi Kitale kwa kamera ya simu, mimi na Njoroge na vijana wengine wa mtaani. Njoroge ndiye aliyekuwa Sajini. Watu wake walitoka sehemu za kati zamani wakakaa Trans-Nzoia, wanauza viazi, naye ana mwili wa mtu aliyelelewa ndani ya ghala la viazi. Akikalia benchi, walio upande wa pili huinuka kidogo. Tulidhani hiyo inatosha. Tulianguka kwenye matope, kwenye mtaro, juu ya toroli, ndani ya pipa. Kila anguko lilikuwa safi.

Tuliionyesha katika ukumbi mmoja pale mjini. Anguko la kwanza, ukumbi ulilipuka. La pili, walicheka. Tulipofika kwenye pipa nilisikia sauti ya karanga zikimenywa. Watu wakaanza kusalimiana na kuulizana habari za mvua. Mama mmoja alimbeba mtoto wake akatoka, na mtoto hakulia kutaka kurudi. Hapo ndipo nilijua tumekwisha.

Fundi Nekesa alikuwa ukumbini. Yeye ni mshonaji wa Bungoma, na Njoroge alikuwa amemwalika atazame kama anaweza kutushonea sare zenye sura. Alikaa mstari wa mbele kabisa, lakini kiti chake alikigeuza. Mgongo aliupa pazia la filamu, uso akawapa watu. Nilidhani ni mama wa dini anayeona haya kutazama wanaume wakiviringika.

Tulimkuta nje baadaye. Njoroge akamuuliza, "Sasa Fundi, umeonaje filamu?"

"Filamu sijaona. Nimeona watu."

"Na watu wameonaje?"

"Mmeanguka vizuri, bana. Huyu mwembamba hasa." Alininyooshea kidole, nikatazama viatu vyangu. "Lakini mlikuwa mnaenda wapi?"

"Kwenda wapi kivipi?"

"Si nyinyi ni polisi? Mnakimbia. Mnakimbilia nini?"

Njoroge alifikiri. "Tunakimbia tu, Fundi. Ni komedi."

"Basi hakuna mtu ameanguka pale ndani. Mtu huanguka akiwa anaenda mahali. Nyinyi mlikuwa mnashuka chini tu."

Njoroge alikasirika, akasema huyu mama ashone nguo na filamu atuachie sisi. Lakini maneno yale nilitembea nayo siku nyingi. Nikimwona mtu akiteleza barabarani najiuliza: kwa nini nimecheka? Nikagundua kila mara nilikuwa nimeshajua anakokwenda. Alikuwa anawahi basi. Alikuwa anamkimbilia msichana. Alikuwa amebeba keki.

Baada ya muda tulirudi kwake tukiwa wapole.

Chumba chake cha kushonea kiko Bungoma, karibu na soko, kidogo kiasi kwamba Njoroge akiingia, cherehani inaonekana kama kitu cha watoto. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba sare ya kweli hashoni. "Mkishikwa mtanitaja," akasema. Alituonyesha kitambaa cha pazia, kijani kilichopauka kama sukuma wiki iliyoachwa juani. Vifungo vilikuwa vya koti la mwanamke. Beji aliikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukikaribia, hata mtoto anaona kwamba huyu si polisi.

Kisha akatandika vipande vya kitambaa sakafuni: mikono ya shati, kifua, miguu ya suruali. Akaweka kofia na mkanda kando. Akatuambia, "Hii ndiyo filamu yenu."

Nilidhani anatania. Njoroge pia alidhani anatania, akacheka, akaachwa acheke peke yake.

"Sajini anaanza akiwa kamili," Fundi akasema. "Kofia, filimbi, mkanda, viatu, mikono ya shati, suruali. Mwisho anabaki na vesti na kaptura. Hapo katikati, kila anapopita, kitu kimoja kinamtoka. Lakini kisimtoke bure. Kimtoke pale anapokaribia kupata anachokitafuta. Akinyoosha mkono akipate, tap, kofia. Akinyoosha tena, filimbi."

"Na anatafuta nini?"

"Kitu kimoja. Mtu akichelewa, akasimama mlangoni, ajue papo hapo mnatafuta nini."

Ndipo tukapata hadithi ya ufunguo. Sajini anamfundisha Konstebo kufunga pingu, anajifunga naye mkono kwa mkono, na bata mzinga anameza ufunguo. Basi. Watu wawili waliofungwa pamoja wanamfukuza bata mzinga. Hata aliyelala akaamka katikati anaelewa.

Njoroge alitaka suruali itangulie. Alishika msimamo huo kama mtu anayegombea kiti.

"Suruali iende kwanza, Fundi. Watu wanapenda suruali."

"Ndiyo maana wataingoja."

"Na wakichoka kungoja?"

"Wape kiatu."

Kila kitu kilichopaswa kutoka alikishikiza kwa bandi, ule mshono wa muda ambao mafundi hupiga kwa mkono, hatua ndefu, kabla ya kupitisha cherehani. Bandi ya kofia ilikuwa dhaifu kabisa. Ya mkanda ilizidi kidogo. Ya suruali ilikuwa na uzi mmoja mrefu uliopita kiunoni na kutokea nyuma, ambao mimi peke yangu ningeuvuta. Alijua kwa vidole nguvu gani inakata uzi gani. Njoroge alipofanya mazoezi pale kwenye korido, vitu vilimtoka kwa mpangilio ule ule, kimoja baada ya kingine, kama maganda ya kitunguu. Nilisimama nikiwa nimefungwa naye mkono, nikivihesabu vinavyoanguka. Nilikuwa nimedhani kicheko huja kama mvua, mtu anangoja tu. Kumbe kina mifupa. Kuna mwanamke anaweza kukikata sakafuni kwa mkasi na kukiunga.

Jingine alilotufundisha ni la maganda ya miwa, yale yanayotupwa chini kila soko. Mara ya kwanza Sajini anayapita salama, Konstebo anaanguka. Mara ya pili wote wawili wanayaona, wanayaruka, wanapongezana. Mara ya tatu wanayaruka kwa madaha kabisa na kutua ndani ya beseni la mama anayeosha vyombo. "Mara ya kwanza wajue," alisema Fundi. "Mara ya pili waamini. Mara ya tatu uwaibie." Nyinyi mnaopenda kuweka maanguko sita mfululizo, lisomeni tena hilo.

Sasa niwaambie ya soko la Kamukuywa, maana ndiyo mnayoisikia kwa watu ikiwa imeongezwa chumvi. Mimi nilikuwepo, nimefungwa pingu, kwa hivyo nisikilizeni mimi.

Tulichagua siku ya soko ili umati uwe wa bure. Bata mzinga tuliazima kwa mama mmoja wa Lugulu. Alikuwa mkubwa, mwenye kifua, anatembea akiinua shingo na hajibu salamu, tukamwita Mheshimiwa. Tuliposhuka na sare zetu za pazia, akina mama waliokuwa wakiuza pombe ya busaa kwa siri nyuma ya maduka walitoweka, na vikombe vyao vikatoweka. Kutoka mbali, mtu mwenye kofia na mkanda ni polisi. Njoroge aliona raha sana. Alianza kutembea kwa hatua za afisa.

Tulikuwa tumepiga kipande cha kumeza ufunguo, na kukimbia kwa kwanza, tulipoitwa kwa nyuma.

"Afande! Afande, simama!"

Alikuwa bibi mmoja, mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani na viatu vyenye vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Aliushika mkanda wa Njoroge kwa nguvu, na kwa kuwa ulikuwa umeshikizwa kwa bandi, ulimbakia mkononi. Watu wakacheka. Yeye hakuutazama hata mkanda.

"Ng'ombe yangu iko pale. Karibu na lori. Kijana ameshika kamba."

Njoroge alimwita kukhu, maana amekaa na Wabukusu vya kutosha kujua nyanya huitwa hivyo. "Kukhu, pole. Sisi si polisi. Ni watu wa filamu. Ona, hii ni pazia."

Bibi alikishika kitambaa cha shati kwa vidole viwili, akakisugua. "Ni pazia kweli," akasema. "Lakini lori haitangoja polisi ya kitambaa kizuri."

Jina lake lilikuwa Kukhu Nanjala, wa Kabuchai. Alituambia pale pale, kwa haraka, akitazama begani kwetu kuelekea lori. Binti yake alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliletwa nyumbani. Binti akafariki kabla hajaacha mtoto. Ng'ombe wengine waliondoka kwa shida hii na ile, akabaki mmoja, na huyo sasa ni mzee, hazai tena. Mtoto wake wa mwisho ni mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliyezaliwa wakati wa Pasaka na akapewa jina hilo. Pasaka alikuwa ametoweka nyumbani. Kukhu alipita soko baada ya soko kumtafuta.

"Nilizika mwili tu," alisema. "Yeye mwenyewe yuko kwa zile ng'ombe. Ikipanda hiyo lori, mwanangu amekwisha kabisa."

"Si upige kelele, Kukhu!" Njoroge akasema. "Sema mwizi. Soko lote litakuja."

"Nimefikiria hiyo. Wakija hawatauliza. Watampiga mpaka afe, na pengine ameuziwa tu. Sitaki damu ya mtoto wa mtu kwa ng'ombe ya mwanangu."

Tulimtazama kijana mwenyewe. Alikuwa rika langu. Alikuwa ameshika kamba ya mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, na dereva wa lori alikuwa tayari juu kwenye kiti, anakunywa chai kwa kikombe cha bati, mtamba akingoja mbao za kupandia.

Fundi Nekesa, aliyekuja nasi ili ashikize upya vitu vinavyotoka, alikuwa amesikia yote. Alimwambia mpiga picha wetu akimbie kwa naibu wa chifu, amwambie aje bila kelele. Mpiga picha akaondoka na simu mfukoni, ndiyo maana hakuna picha hata moja ya siku ile. Kisha Fundi akatugeukia.

"Mpaka naibu afike, lile lori lisitoke. Na yule kijana asitoke. Na asijue ni kwa nini hatoki. Mmebaki na nini?"

Njoroge akajipapasa. "Mkanda umeenda. Kofia iko. Filimbi, viatu, mikono, suruali."

"Basi hadithi iko. Mpelekeni Mheshimiwa kule."

Wadogo zangu, nimeanguka mahali pengi, lakini sijawahi kuogopa chini kama siku ile. Katika filamu ukikosea unarudia. Pale, kicheko kikiisha, mtamba anapanda.

Fundi alibeba kreti ya soda, akaisimamisha mbele yetu, akapanda juu yake. Mgongo kwetu, uso kwa watu. Mkono wake mmoja aliuweka nyuma ya kiuno. Kiganja kikiwa wazi, ngojeni. Kikifunga ngumi, toeni. Tulimwachilia Mheshimiwa karibu na magurudumu ya lori.

"Simama kwa jina la serikali!" Njoroge akanguruma. Mheshimiwa alimjibu kwa lugha yake. Watu wa kwanza wakageuka.

Njoroge alimrukia. Ngumi ikafungwa, kofia ikatoka, ikamwangukia Mheshimiwa kichwani, naye akatembea nayo hatua kadhaa akistahili cheo kuliko sisi. Sasa walikuja hata wanunuzi wa ng'ombe. Njoroge akapuliza filimbi, mimi nikateleza kwenye maganda ya miwa, pingu ikamvuta, filimbi ikamtoka mdomoni ikaruka mpaka kwenye kikombe cha chai cha dereva. Hiyo haikupangwa. Hiyo sitaweza kuirudia hata mkinipa mwaka mzima. Dereva alitazama ndani ya kikombe. Akatutazama. Akazima injini, akashuka na kikombe chake mkononi ili atuone vizuri.

Nilimsikia Njoroge akihema, "Asante Mungu kwa chai."

Mheshimiwa aliingia chini ya lori, nasi tukamfuata. Kule chini kulikuwa na matope na mafuta, na huku nje kulikuwa na sauti kama ya mto. Mguu wa Njoroge ulibaki nje. Watu wakaushika kumsaidia, kiatu kikawabakia mikononi. Dereva akasema yeye ndiye mwenye lori, yeye ndiye atamtoa, akavuta mkono wa shati. Mkono ukatoka wote mpaka begani. Alisimama ameushika, anautazama, umati ukalia. Kupitia katikati ya magurudumu nilimwona kijana wa kamba. Alikuwa amesogea mbele kabisa. Alikuwa anacheka mpaka machozi, kamba imelegea mkononi, amesahau aliko.

Nilimhurumia ghafla. Mtu anayecheka hivyo, huwezi kumtakia mabaya.

Mkono wa pili wa shati ulitoka. Kiatu cha pili kikatoka. Tukabaki na suruali. Mheshimiwa alitokea upande wa pili wa lori, akatazama soko lote, akachoka, akakaa chini.

Hapo niliona shida. Tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa kimekaa mbele yetu, kinafumba macho. Sajini akimshika, hadithi imeisha. Suruali ikishuka, hadithi imeisha vile vile. Na naibu wa chifu hakuwa ameonekana. "Simiyu," Njoroge akaninong'oneza, "uvute uzi?" Nilitazama nyuma ya kiuno cha Fundi. Kiganja kilikuwa wazi. Ngojeni. Tungoje na nini? Nyuma ya watu nilisikia mtu akisema, "Haya, si amshike sasa?" Kijana alitazama kamba yake. Dereva alitazama mlango wa lori.

Sijui wazo lilitoka wapi. Njoroge alimnyooshea Mheshimiwa mkono, ule uliofungwa na wangu. Mimi nikasimama wima, nikabana visigino, nikapiga saluti kwa mkono huo huo. Njoroge akavutwa juu, mkono wake ukapita hewani.

Halafu mtu mmoja akapaza, "Si anasalimia Mheshimiwa!" na soko likapasuka.

Njoroge alielewa mara moja, na kwa hilo nitamheshimu mpaka mwisho. Alinitazama kwa hasira ya kweli ya afisa. Akanyoosha mkono tena, polepole, kwa ujanja, kama mtu anayeiba yai. Nikapiga saluti tena. Mara ya tatu akatumia mkono ulio huru. Watu wakashangilia akili yake. Mimi nikapiga saluti kwa mikono yote miwili, Njoroge akazunguka mzunguko mzima, akaanguka chali, mimi juu yake. Akina mama walikuwa wameshikana mabega. Mzee mmoja alikaa chini kabisa, fimbo kando, akiomba tumwache apumue. Na mgongo wa Fundi Nekesa ulikuwa unatetemeka juu ya kreti. Hakuwa ametuona. Alikuwa anatusoma kwenye nyuso za watu.

Kisha ngumi ikafungwa.

Nilivuta uzi. Suruali ya pazia ilishuka yote, bila kukwama popote. Katika kelele ile, ambayo nafikiri ilisikika mpaka barabara kuu, naibu wa chifu alipita katikati ya watu na mpiga picha wetu nyuma yake, akaenda mpaka kwa kijana, akamshika mkono kwa upole kama anayesalimia.

Kicheko kiliisha kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Naibu aliuliza ng'ombe ni wa nani. Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba amepewa barabarani na mtu amlete sokoni. Naibu akamgeukia Kukhu Nanjala. "Mama, una alama gani ya kutuonyesha?"

Kukhu alikuwa bado ameshika mkanda wa Njoroge. "Alama kila mtu anaona," alisema. "Paji nyeupe hata huyu anajua. Waambie wanyamaze tu."

Naibu aliinua mkono, soko likanyamaza. Nilisikia maganda ya miwa yakisuguana chini ya miguu ya mtu. Kukhu aliita, si kwa nguvu, kwa sauti ya mtu anayeita ndani ya nyumba yake mwenyewe: "Pasaka. Pasaka, njoo."

Mtamba aliinua kichwa. Masikio yakageuka. Akaondoka, na kamba ikateleza kutoka mkononi mwa kijana bila kijana kuivuta. Watu walifungua njia bila kuambiwa. Alipita kando yangu nikiwa bado nimelala matopeni, nikasikia joto la ubavu wake usoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa bibi yule, akaweka kichwa chini ya kwapa lake, akasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume walivua kofia. Hata nyinyi mkinibishia, nawaambia wanaume walivua kofia.

Na hakuna aliyemgusa kijana. Nimeliwaza sana hilo. Watu waliokuwa na machozi ya kicheko mashavuni hawakuwa na hasira karibu. Naibu aliondoka naye wakiongea, na baadaye kijana alimtaja mtu aliyempa ng'ombe. Alifika kwao akiwa mzima.

Filamu tuliimalizia siku nyingine, na saluti tuliiweka. Inachekesha. Watu hawatoki kununua karanga. Lakini Njoroge akiitazama huniambia, "Haijafika," nami najua anasema kweli. Mkinisikia nikisema mjifunze hadithi kabla ya kuanguka, msidhani nazungumzia vicheko peke yake. Siku ile niliona hadithi ikibeba uzito wa ng'ombe na uzito wa mtu, kwa uzi wa bandi, na uzi ukakatika pale tu ulipotakiwa.

Dereva mwenyewe ndiye aliyesema atampeleka Kukhu nyumbani. Kukhu alilitazama lori kwa muda, akatazama mbao za kupandia, tukaona anavyopata shida. Mwishowe alipanda yeye kwanza, kule nyuma kwa mifugo, akakataa kukaa mbele na dereva. Pasaka akamfuata. Mimi na Njoroge tukapanda pia, yeye akiwa na vesti na kaptura, Mheshimiwa mapajani mwangu, kwa sababu Kukhu alisema hataki kurudi peke yake na tulikuwa askari aliowapata.

Kwake Kabuchai ni nyumba ya bati nyuma ya shamba la miwa. Ng'ombe mzee alikuwa amesimama ndani ya boma, mbavu nje, macho yamefifia. Alisikia harufu kabla hajaona. Alitoa sauti moja nzito, akaja, akamnusa Pasaka shingoni, akaanza kumlamba vumbi la masoko yote, polepole, upande mmoja halafu mwingine. Kukhu aliwatazama. Aliwaambia kitu kwa Kibukusu ambacho hakikuwa chetu, na katikati ya maneno hayo nilisikia jina la mwanamke.

Tulisimama tusijue pa kuweka mikono. Mimi nikaona ni vibaya kuondoka tukiwa tumemdanganya mtu mzima, nikajikaza, nikasema kwa sauti yangu hii ndogo, "Kukhu, kweli sisi si polisi."

"Najua, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Funga lango."

Nikalifunga.